Mie Si Kabati la Mikoba

Jumatatu ya Pasaka, jioni. Mvua imekatika tangu alfajiri, jua limewaka kutwa nzima, na mie nimevimba kwa hasira hadi chai imenishinda kunywa.

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu nimeinyoosha, matope yamekaukia kwenye pindo la gauni langu la sikukuu. Sitaki kuoga kwanza. Nikioga nitapoa, na leo sitaki kupoa kabla sijaandika.

Kwa ambaye ndo kwanza anapita kwenye ukurasa huu: mie ni karani wa masjala, kazi yangu ni mafaili na barua. Naishi Chang'ombe na mume wangu na binti yetu Jeni, ana miaka minane. Miaka miwili iliyopita bodaboda ilinigonga navuka barabara, nyonga ikavunjika, na mguu wa kushoto haujarudi sawasawa mpaka leo. Natembea kwa woka, kile chuma chepesi cha miguu minne unachokisogeza mbele kisha unakifuata. Nyumbani tunakiita chuma tu. "Jeni, niletee chuma." Hakuna anayeshtuka.

Sasa siri. Wiki tatu nzima nimekuwa nikifanya mazoezi ya kupanda ngazi mbili za barazani kwetu. Kila jioni nikitoka kazini, kabla Jeni hajarudi kutoka tuisheni, naacha chuma chini, nashika nguzo, napanda. Nashuka. Napanda tena. Sikumwambia mtu. Nilishaliona gurudumu kubwa la kiwanja cha michezo ya watoto kwenye picha za simu ya wifi, lile lenye viti vya kuning'inia linalozunguka taratibu mpaka juu unakouona mji wote, nikazitazama ngazi zake: mbili. Nikajiambia Pasaka hii napanda na mwanangu. Tangu ajali sijapanda kitu chochote na Jeni, hata bembea ya shuleni kwao.

Ndicho nilichokitaka leo. Hicho kimoja tu.

Tulienda na wifi yangu Anjela, dada yake mume wangu, anayekaa Segerea, pamoja na wanawe wawili. Mume wangu alikuwa zamu. Wifi Anjela ni mtu mwema. Naliandika hilo mapema kwa sababu nikifika huko chini sitaonekana kama naliamini.

Kile kiwanja cha michezo sikitaji jina. Kipo upande wa Kinondoni, wanaokijua wanakijua. Getini wameweka kizuizi cha kuzunguka, mtu mmoja mmoja, na chuma changu hakipiti. Mlinzi akaniangalia mie, akaangalia chuma, akasema, "Pole, mama." Nikamwambia asante kaka, napita wapi? "Pole sana, mama." Pole nimeipokea, njia je? Ikabidi nizunguke hadi geti la magari, kwenye tope la masika, miguu ya chuma inazama nachomoa, inazama nachomoa. Hadi nafika ndani nilishapewa pole na kila niliyepishana naye, na hata mmoja hakunionyesha pakavu pa kupita.

Hatujamaliza dakika tano, wifi akaona benchi chini ya turubai. "Wifi, wewe kaa hapa kivulini upumzike. Utatuangalizia mikoba."

Nikakaa.

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilikaa! Sikusema subiri kidogo wifi, leo nina mpango wangu. Mdomo ukajisemea wenyewe kama ulivyozoea, "Nyie nendeni tu, mie vitu hivi sipendagi."

Niungame basi. Kwenye kila shughuli ya ukoo wetu lazima awepo mtunza mikoba. Zamani alikuwaga bibi, au mjamzito wa miezi minane, au shangazi yeyote mwenye presha. Tangu nitoke hospitali ni mie. Harusini wanawake wakiinuka kucheza, mikoba yote mapajani kwangu. Ufukweni, mie na mataulo. Kipaimara, mie na zawadi. Hakuna aliyepiga kura. Siku moja nilisema sipendi kelele za muziki, wakaniamini, na mie nikaona afadhali waamini hivyo kuliko wanitazame nikijaribu kucheza.

Basi wakaniachia. Mkoba wa wifi, begi la wanawe, kapu lenye hotpoti la pilau, masweta ambayo sijui kwa joto hili la Dar aliyabebea nini. Jeni akavua viatu vyake vipya, akaniwekea mapajani, akaongeza na kipochi chake chenye kioo na leso. "Mama, shika." Akakimbilia kwenye lile jumba la upepo la kurukaruka.

Halafu na wageni nao wakaanza! Sijui walidhani ni huduma ya pale. Kaka mmoja akaacha helmeti yake. Wadada wawili wakaacha miavuli. Mama mmoja wa kitenge cha kijani akaja na mkoba mweusi mkubwa, salamu hakuna, akaubwaga pembeni yangu: "Mama, na huu." Na huu! Nafungua mdomo nimjibu, ameshaondoka anamfukuzia mtoto wake.

Nusu saa nzima nimezungukwa na mali za watu nisiowajua. Wapitao wananipa lile tabasamu wanalompa mgonjwa wodini. Kiu imenibana lakini sinywi, kwa sababu choo chao wamekijenga juu ya ngazi tano zisizo na pa kushika, na mie nimefanyia mazoezi ngazi mbili tu. Tangu saa nne asubuhi sijagusa maji. Kuna mtu alikaa akachora jengo lile, akalipwa, akaenda zake kula.

Kisha nikamwona Jeni anaelekea kwenye gurudumu, kashikwa mkono na shangazi yake.

Nikainuka. Mikoba yetu nikaitundika kwenye chuma, huku na huku, kikawa kama kichanja cha vyombo. Ya wageni nikaiacha pale pale benchini. Ule mkoba mweusi niliuona. Niliuona vizuri kabisa, nikauacha makusudi. Sijaajiriwa na mtu.

Nikakata tiketi yangu. Kwenye foleni wifi akashtuka. "Kuna nini, wifi? Unataka choo?"

"Napanda na Jeni."

Akacheka. Halafu akaona mie sicheki.

Mwendeshaji wa gurudumu, baba mmoja wa tisheti ya njano, hakuwa na shida yoyote. Alisema atalisimamisha, kwani si kila mtu anapanda likiwa limesimama? Balaa likaja na msimamizi, mdada mmoja mwenye kucha ndefu na simu ya upepo mkononi. Hakunisemesha mie. Alimgeukia wifi: "Dada, mgonjwa wako haruhusiwi."

Mgonjwa. Wako.

Nikamwambia, dada, mwenye tiketi ni mie na masikio ninayo. Haruhusiwi na nani? "Ni utaratibu tu, mama." Loo! Hapo alikuwa amekutana na mtu wa masjala. Sie kitu kisichoandikwa hakipo. Nikamuuliza, umeandikwa wapi huo utaratibu? Akanyoosha kucha kwenye ubao. Nikausoma kwa sauti, foleni nzima isikie: wajawazito, wenye presha na ugonjwa wa moyo, waliolewa pombe, na watoto chini ya miaka kumi wasio na mzazi. Nikasema mimba sina, presha nimepimwa juzi iko sawa, pombe sijawahi, na huyu mtoto ana miaka minane na mzazi wake ndo mie. Kwa ubao wenu wenyewe, bila mie hapandi!

Akasema, "Basi apande na shangazi yake."

Jamani!

Mzee mmoja nyuma yetu akaguna, "Hujafa hujaumbika. Mwacheni mama wa watu apande." Mungu ambariki yule mzee. Lakini mwingine akasema tunacheleweshwa, mwingine akasema kama mtu anaumwa si angebaki nyumbani. Na wifi, wifi yangu mwenyewe, akaninong'oneza, "Wifi, yaishe basi. Watu wanatuangalia."

Wananiangalia tangu getini, wifi. Leo ndo umeona?

Nilimwambia hivyo? Wapi! Nayaandika sasa hivi tu. Nikauachia mkono wa Jeni. Wakapanda. Gurudumu likaenda juu, Jeni akanipungia, na mie nikampungia kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshika chuma na chuma kimejaa mikoba yao.

Nimesimama pale, machozi yananilengalenga, ndo akaja yule mama wa kitenge cha kijani, anahema.

"We mama, mkoba wangu uko wapi?"

"Mkoba gani?"

"Si nilikuachia wewe!"

"Uliniachia, nikakubali saa ngapi?"

"Sasa si ulikuwa umekaa?"

Si ulikuwa umekaa. Yaani kosa langu ni kwamba nilikaa, halafu nikathubutu kuinuka.

Hapo nililipuka. Nilisema maneno ambayo mtu aliyetoka kupokea komunyo jana hayasemi. Nilimwambia mie si kabati. Nilimwambia kama anataka mtumishi aajiri, na akiajiri amsalimie kwanza. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na nachukia kwamba ilitetemeka, kwa sababu sauti ikitetemeka watu wanasikia kilio, hawasikii hoja. Mkoba wenyewe kumbe mlinzi ameuokota benchini akauhifadhi, haujapungua hata pini. Yule mama akauchukua akaondoka zake, samahani hakuna. Msimamizi wa kucha akanipa na nasaha juu: "Lakini mama, si ungekaa tu pale pale." Wifi naye kashuka, kakuta watu wamejaa, swali lake la kwanza: "Kwani uliinuka kwenda wapi?"

Aliniona nilikokwenda! Nilikuwa naye!

Pilau lile sikuligusa. Tulipotoka nikaagana na wifi kwa mdomo wa juu juu, yeye akashika njia ya Segerea na wanawe, mie na Jeni tukachukua bajaji. Chuma nimekikunja miguuni. Njia nzima nasonya, dereva ananitazama kwenye kioo.

Tumefika mbali ndo Jeni akaniuliza, pole pole, "Mama, kwani ulikuwa unataka kupanda kweli?"

"Ndiyo."

"Si unasemaga hupendi?"

Nikakivuta chuma kisiporomoke. Jeni akaendelea:

"Sie tulijua hupendi. Shangazi ndo akatuambia tukupe vitu vyetu uvishike, ili na wewe uwe na kazi, usijisikie vibaya."



Ili na mie niwe na kazi. Nilitaka kumkasirikia wifi, hasira ikagoma kwenda. Angejuaje? Miaka miwili namwambia sipendi. Sipendi kucheza, sipendi bahari, sipendi kelele, sipendi vitu vya kuzunguka. Alichofanya ni kunitafutia nafasi ndani ya uongo wangu, ili nisikae mikono mitupu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Msimamizi amenizuia leo, mara moja, na nimemwakia foleni nzima ikasikia. Mie nimejizuia miaka miwili na sijawahi kujiuliza imeandikwa wapi.

"Ulikuwa unaogopa?" Jeni akaniuliza tena.

Nikamwambia naogopa watu wanione najaribu halafu nashindwa. Naye akasema, "Mie kule juu niliogopa sana. Shangazi naye alifumba macho mpaka tukashuka, alikuwa anasali."

Tukacheka. Mara ya kwanza leo.

Ila nisieleweke vibaya. Nimecheka, sijasamehe. Kesho naandika barua kwa wenye kile kiwanja, ya kurasa mbili, yenye kichwa cha habari na nakala kwa kila anayehusika, na nitawauliza habari za geti, choo na ule utaratibu wao usioandikwa popote. Nitadai nijibiwe kwa maandishi. Barua za watu huwa zinapotelea wapi nakujua vizuri, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hii nitaifuatilia hadi wanichoke.

Lakini wifi ndiye niliyeanza kumwandikia. Ujumbe wake nimeuandika mara tatu, nikaufuta mara tatu. Wa nne nimeutuma hivi:

"Wifi, ile ya kwamba sipendi ilikuwa uongo wangu. Nisamehe. Jumamosi kwenye harusi ya mdogo wako usinipe mikoba. Mkiinuka kucheza, nishike mkono na mie niinuke."

Tiki mbili za bluu. Naona anaandika, anaacha, anaandika tena.