Pointi Thelathini za Mgeni

Hospitali, Wodi ya Wanaume,
Chimala.
21 Agosti, 1977.

Mpendwa Shangazi Regina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua tangu msiba wa babu limeanza kukuacha upumue. Mzee Bartolomeo anaendeleaje na kifua chake? Mwambie apunguze kiko. Najua hatapunguza, lakini wewe mwambie.

Sisi huku Usangu hatujambo, ukinitoa mimi. Baba ana nguvu, ng'ombe wamenenepa, na mpunga wa Ubaruku mwaka huu umekuwa mwingi hata mashine yetu ya kukoboa haipumziki.

Usishtuke kuona nakuandikia kutoka hospitali. Bila shaka kaka Maganga amekwisha kukupelekea habari kwamba nimeuawa, au kwamba nimeua. Vyote viwili si kweli, ingawa vyote vilikaribia. Nakuandikia ili uipate habari kutoka kwangu, na pia nina ombi, nalo nitalisema mwishoni usije ukaanza kukasirika mapema.

Unakumbuka kule mgodini, nilipokuwa nafanya kazi klabuni kwa Wazungu, nilijifunza kucheza biliadi. Basi hapa Chimala kuna baa yenye meza ya biliadi iliyoachwa na mlowezi mmoja wa Kigiriki. Kitambaa kimetiwa viraka, lakini meza imenyooka. Mwaka huu vijana wa barabarani walianzisha ligi: Chimala, Uyole, Makambako na Iringa mjini. Si wachezaji wa kulipwa, ni madereva, makarani, wafanyabiashara wa mchele, na mimi wa mashineni.

Ligi ina utaratibu wake kwa mgeni. Mchezo unaishia pointi mia. Kabla hujaandikishwa, unachezeshwa michezo mitatu na mzee wa timu yenu. Akiona wewe dhaifu, unapewa pointi za kuanzia ili wenye nguvu wasikuonee. Kadiri unavyoshinda, wanazipunguza, hadi siku unaanzia sifuri kama wanaume wengine.

Mzee wa timu yetu ni Gideoni Kalinga, Mbena, mtu wa kanisani, fundi seremala. Zamani alikuwa bingwa kutoka hapa hadi Iringa, na watu wote wanamwinamia. Na ana binti, Damari. Shangazi, huyo Damari nitakueleza siku tukikaa pamoja, maana karatasi haitoshi. Jua tu kwamba nampenda, naye ananipenda.

Sasa niambie, wewe uliyenilea: kijana wa Kisukuma anafika ugenini, anakaribishwa na mzee mwenye mvi, tena baba wa msichana anayemtaka. Siku hiyo ya kwanza atamshinda mbele za watu? Mimi sikulelewa hivyo. Niligonga mpira kando kidogo, nikamwachia michezo yote mitatu. Nilidhani nimefanya adabu. Mzee akawatangazia kwamba mimi bado mchanga, nikapewa pointi thelathini.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa Uyole, Jumamosi mchana, baa imejaa madereva hadi mlangoni. Nilipangiwa Alinanuswe, dereva wa lori, mtu mwenye shingo nene na sauti nene zaidi. Pale sikuwa na mzee wa kumheshimu, basi nikacheza nilivyofundishwa. Alinanuswe hakufikisha hata nusu. Nilipoingiza mpira wa mwisho nilikuwa nacheka, na ndiyo mara ya mwisho nilipocheka na meno yangu yote.

"Hii mtu mmeificha!" alipiga kelele. "Anapewa thelathini na ni fundi! Wezi ya pointi nyie!"

Fimbo yake ya biliadi ilinipata mdomoni. Nilianguka chini ya meza, wakanivuta kwa miguu. Walinipiga mateke ya mbavu, mmoja akanimwagia bia machoni, mwingine akasimama na kiatu chake juu ya vidole vya mkono wangu wa kushoto akawa anazungusha kisigino kama anazima sigara. Nilisikia viwili vikivunjika. Nami nilimng'ata mtu mguuni hadi nikaonja damu yake, na sijuti.

Katikati ya hayo, katibu wa ligi, Didas, alimuuliza Mzee Gideoni kama kweli alinipima. Nilimwona mzee kati ya miguu ya watu. Alikuwa anapaka chaki fimbo yake, macho chini. Akasema alinipima, na kama nilimficha, yeye hakujua.

Ningeweza kusema. Neno moja tu, kwamba nilimwachia kwa heshima, na mateke yangehamia kwingine. Lakini ningemvua nguo mzee mbele ya umati, tena baba wa Damari. Nilifunga mdomo wangu uliovunjika nikapokea zilizobaki.

Kaka Maganga aliposikia, alichukua fimbo yake ya kuchungia akaenda kusubiri barabarani. Hakuuliza mtu. Lori la kwanza lililosimama Chimala alimtoa dereva kwa kola, akampiga hadi akampasua kichwa. Kumbe ni dereva wa viazi kutoka Makambako, mtu wa watu ambaye biliadi hata hajawahi kuiona! Maganga alilala mahabusu, mimi na uso wangu uliovimba nikaenda kuomba radhi. Yule mtu aliponiona alinihurumia akasema tuyaache.

Kamati ya ligi ikaamua nirudie kipimo, Jumapili baada ya ibada, mezani kwetu Chimala, Uyole wakishuhudia. Nikishindwa na Mzee Gideoni, basi pointi zangu zilikuwa halali na Alinanuswe ataniomba radhi. Nikishinda, mimi ni mwizi, nafukuzwa. Umeona mtego wenyewe, Shangazi? Ili niitwe mkweli, ilibidi nidanganye tena. Na mimi nilikwisha kukubali. Vidole nilivifunga kitambaa, fimbo nikaiegemeza juu ya ngumi. Nilisema moyoni: mwachie mzee, oa, yaishe.

Tulipoinama wote wawili kuchukua chaki, Mzee Gideoni alinisogelea sikioni.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "niachie kama siku ile."

Kumbe alijua! Tangu siku ya kwanza alijua. Alijua nilipokuwa chini ya meza Uyole natema jino, akapaka chaki. Shangazi, damu ilinipanda hadi sikuona watu. Nilikamata fimbo upande mwembamba ili ule mzito uwe juu, na mkono wangu ulikwisha kuinuka. Nilikuwa nampasua. Kilichonizuia si adabu, usinisifu bure. Nilimwona Damari dirishani, amejifunika khanga mdomoni.

Nikaigeuza fimbo nikacheza. Sijawahi kucheza vile maishani. Kila mpira nilikuwa naugonga kana kwamba ni uso wa mtu. Vidole vilitoa damu juu ya kitambaa cha meza, sikusimama. Nilifikisha mia, naye hajapata hata ishirini.

Kisha wakaja. Alinanuswe mbele, wenzake nyuma, na safari hii walikuwa na fimbo zote za ukutani. Walinipiga mgongoni, wakanipiga magotini, nikaenda chini. Niliona fimbo ikiinuliwa kwa ajili ya kichwa changu, nikafumba macho. Kitu kizito kikaniangukia. Alikuwa Mzee Gideoni. Fimbo ile ilimpata yeye mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu.

Akawa anapiga kelele juu yangu: "Nilijua! Nipigeni mimi! Aliniachia kwa heshima, nikanyamaza! Nilijua!"

Hawakuacha mara moja. Watu wakianza kupiga, hawasikii haraka. Lakini mmoja mmoja waliteremsha fimbo. Alinanuswe alibaki amesimama anahema, kisha akatoka nje, tukamsikia anapiga ukuta wa bati kwa ngumi.

Sasa tumelazwa vitanda viwili jirani, mimi na mzee. Mkono wake umefungwa plasta hadi begani. Jana aliniambia kwa nini. Macho yamemfifia, ameacha kushinda miaka mingi, na ile michezo mitatu niliyomwachia ilimrudishia ladha aliyokwisha kuisahau, akashindwa kuitema. Alilia alipokuwa anasema. Nilimsikiliza.

Damari anatuletea uji asubuhi, bakuli mbili, na hasemi anaanza na nani. Anaanza na mimi.

Ombi langu ni hili. Mzee amekubali nimwoe. Tena amesema, kwa kuwa mimi ni mgeni katika ukoo wao, atanipunguzia mahari, nianze na ng'ombe wachache, mengine yataonekana mbele. Nimekataa. Pointi za mtu huyu nilikwisha kuzila, na ziligharimu meno yangu. Nikipokea punguzo lake nitakuwa nimemsamehe kwa bei, na mimi bado sijamsamehe. Kila daktari anapougusa mkono wake na yeye akaguna, kuna sehemu yangu inafurahi, wala sijaikemea.

Ila baba anasema hatatoa hata ndama kwa mtu aliyesimama akimtazama mwanawe anakanyagwa. Hasikii la mama, hasikii langu. Wewe ndiye dada yake mkubwa, wewe tu hakubishii. Mwandikie, au panda treni uje mwenyewe. Mwambie atoe ng'ombe wote, hata mmoja asipungue. Mwambie simlipi Gideoni, namwoa Damari, na nataka nianzie sifuri kama wanaume wengine. Akiuliza kama nimemsamehe mzee, mwambie ukweli: bado.

Nisalimie sana Mzee Bartolomeo, na Helena na watoto wake, na wote wa hapo nyumbani wanaoniulizia. Mama na Maganga wanakusalimu. Maganga ametulia, ingawa lori la Uyole likipita bado anasimama.

Mzee Gideoni ameniuliza kutoka kitandani kwake naandika nini. Nimemwambia namwandikia shangazi yangu. Amesema nikusalimie. Haya, amekusalimu.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akujalie magoti ya kukufikisha harusini.

Ni mimi mwana wa mdogo wako, nikupendaye hata kwa mkono mmoja,

Seni Budeba