Mashine Uliyoniachia Voi

Mwadime, sahibu yangu,

Huko uliko, pokea habari njema kwanza: kompyuta yako sasa ni yangu, na inanitii kuliko ilivyokutii wewe. Voi nzima inajua. Mtu akitoka mbali kule Mata na mtihani wa kuchapisha, anaulizia kwa Salimu. Mimi niliyefika Dubai nikarudi na meno yote, mashine ya mtumba itanishinda?

Jua la saa saba unalikumbuka. Bati la kibanda chetu linalia, feni inapuliza moto, na kompyuta inakwama katikati ya sentensi. Wewe ulikuwa umepachika kipande chako cha programu ndani ya keneli, ule moyo wa mfumo unaozungumza na chipu, na hapo ukajiwekea kifaili kidogo. Ukiandika moja ndani yake, chipu inapunguza mwendo, inapoa. Jioni unaandika mbili, inakimbia tena. Mimi nilikuwa naipiga makofi ubavuni. Ukacheka: "Mashine hailazimishwi, Salimu. Inaambiwa."

Na ikawa inakusikia wewe tu. Nilikuonea wivu, bwana. Wateja walileta kazi kwangu na shukrani kwako. Mkamburi wa chapati alipita mbele ya meza yangu kama anapita nguzo ya stima, aje akuulize wewe kama umekula. Hata mamangu, aliyenizaa mimi, pilau ya Idi alianza kukupakulia wewe Mkristo. Mgeni kwanza, anasema. Mgeni wa miaka yote ile.

Halafu ukafa. Hata hapo ukanitangulia.

Kule mazishini Chawia kila mtu alisimama kusema alivyokujua. Mimi, na mdomo wangu unaujua, nilijitia kupanga viti. Nilikuwa nawaza: hawa wote, nani kati yao aliwahi kukushikia tochi ukiwa umelala chini ya meza na nyaya kifuani?

Sasa kifaili kile hakiguswi bila neno lako la siri. Hukuniambia, nami sikuuliza. Tulidhani tuna wakati. Nimejaribu jina la mama yako. Likakataa. Nikajaribu la Mkamburi. Likakataa pia, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaenda kumnunulia chapati zote zilizobaki. Nikajaribu hata la yule fahali wa mjomba wako kule Ndara, uliyemsifu kuliko ulivyowahi kunisifu mimi.

Mwishowe nikalipata. Silitaji hapa, ila ni jina la mtu, na mtu mwenyewe ana sura nzuri sana.

Mkamburi bado anapita. Anasimama mlangoni, anakitazama kiti chako. Siku hizi ananiachia mimi chapati. Nazila, lakini najua ni zako.

Basi lala salama, sahibu yangu. Nakuahidi mashine hii siiuzi, hata nile ugali mkavu. Na kila saa saba nitaizima ipumzike, wateja wakimbie wakitaka.

Nitaizima kwa sababu sijui kuipunguza mwendo. Nimekudanganya, Mwadime. Neno sijalipata, na mashine haijanitii hata siku moja. Limebaki jina moja tu ambalo sijalijaribu, nalo ni langu. Naogopa litakataa.

Salimu