Delbert Anakwenda Dauntauni Kila Jumapili, na Huko Hakuna Mtu

Mpendwa Bi Corliss,

Nakuomba msaada kabla sijafanya kituko, maana usingizi umenipaa, na sababu ni mume wangu Delbert, ambaye tumeishi pamoja tangu ujana wetu hapa pembezoni mwa Toledo, Ohio, na sasa kila Jumapili tukitoka kanisani ananishusha mlangoni, hata chakula hasubiri, anasema, "Nafika dauntauni mara moja," huyo anaondoka, na wewe Bi Corliss ni mtu wa hapa, unajua watu wa mitaa yetu hawaendi katikati ya mji Jumapili, wakafuate nini, ofisi zimefungwa, mahakama imefungwa, hata muuza kahawa wa huko hufungua siku za kazi tu, na dauntauni kwetu ni pale unapokwenda kwa sababu umeajiriwa huko au umeitwa mahakamani, na jua likielekea kuzama kila mtu yumo ndani ya gari anarudi mtaani kwake kukata majani ya uani.

Nilimpigia dada yangu anayekaa New York akanicheka, "Dauntauni? Hilo nalo la kulilia? Mbona mimi niko huko kila siku!" lakini kwao dauntauni ni upande wa chini wa kisiwa chao, watu wamejaa kama siku ya gwaride, kwa hiyo yeye hawezi kunielewa, anayenielewa ni jirani yangu Roseanne Nagy, aliyeniambia, "Mwenzangu, mwanamume wa Ohio akiacha mpira wa Jumapili kwenye televisheni, ujue kuna mtu."

Basi nikamuuliza Delbert, "Unakwenda kufanya nini huko?" akasema, "Kunyoosha goti," nikamwambia, "Kwani hapa mtaani goti halinyooki?" akasema, "Hapa hata njia ya kutembelea kwa miguu hakuna, mke wangu, nitembee juu ya maua ya Roseanne?" na akacheka, kicheko cha mtu anayeficha, na hilo goti lenyewe ndilo kisingizio chake, tangu alipopasuliwa hapandi tena chumbani kwetu juu, analala sebuleni kwenye kochi, na juzi nilimkuta anapima hilo kochi kwa utepe, nikajua anagawa vyombo, chako hiki changu hiki, na wakati wa kula aliniuliza ghafla, "Hivi wewe ungeweza kuishi bila bustani?" Bi Corliss, mtu anauliza hivyo kama hataki kukuacha?

Jumapili iliyopita nikamfuata na gari langu, akaegesha kwenye uwanja mkubwa nyuma ya lile duka la zamani la ghorofa, ambamo mama alikuwa akininunulia viatu vya Pasaka, na uwanja ulikuwa mtupu, gari lake na langu tu, ikabidi nijilaze kwenye kiti, na nilipoinua kichwa nikaona madirisha ya juu yana mapazia na mbwa amesimama kwenye kibaraza, na mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye nywele fupi, kitambulisho shingoni, kishada cha funguo mkononi, akampiga Delbert begani, wakaingia kwenye lifti wanacheka, mimi nikarudi nyumbani nalia njia nzima, sasa niambie, nimfukuze au ningoje anifukuze?

Mwenye Mashaka, Toledo

*

Dada yangu Mwenye Mashaka,

Pole. Kulia njia nzima si mchezo, na mume anayemfanya mkewe ajilaze kwenye kiti cha gari amekosea, hata kama hana mwanamke. Lakini acha upelelezi, huuwezi. Magari mawili kwenye uwanja mzima, na wewe unadhani umejificha! Umeonekana mpaka Michigan, jimbo la pili.

Sasa nisikilize. Unaniambia dauntauni hakuna mtu, halafu unaniandikia habari za mapazia na mbwa. Huyo mbwa anajilisha mwenyewe? Wewe dauntauni yako ni ile uliyoipa kisogo siku kampuni zilipohama na maduka yakafungwa. Tangu hapo hukuinua macho. Wenye majengo wameshakata zile ofisi na maduka kuwa nyumba za kuishi, na wanaokaa humo si vijana peke yao. Mwanamke mwenye kitambulisho shingoni na funguo nyingi Jumapili mchana yuko kazini. Anaonyesha watu nyumba.

Mume anayetoroka hapimi kochi, anaondoka na begi. Anayepima kochi anataka kujua kama litaingia. Goti lake haliwezi ngazi zenu, na kule kuna lifti. Kulala sebuleni si kukukimbia wewe, ni kukimbia ngazi.

Lakini usishangilie, sijamsafisha. Mimi namshuku Delbert kuliko unavyomshuku wewe. Anaona haya kukwambia, kwa kuwa wazazi wenu walihama dauntauni vifua mbele, na nyie mkalelewa mkiamini kwamba anayerudi huko ameshindwa maisha. Haya nayaelewa, ila hayampi ruhusa. Mwanamume anayekuchagulia nyumba kwa siri ameshakupangia uzee wako bila kukuuliza, na siku moja atakuwekea kalamu mkononi aseme, "Tia sahihi hapa, kila kitu tayari." Ulikuwa unaogopa kuachwa. Ogopa kuhamishwa kama kochi.

Kwa hiyo fanya hivi. Roseanne Nagy usimwambie kitu, mwache atazame mpira wake wa televisheni. Jumapili hii mkitoka kanisani usishuke mlangoni. Mwambie, "Goti lako limechoka, leo naendesha mimi. Twende dauntauni." Usiongeze neno, na usimpe nafasi ya kutunga. Mkifika, panda naye kwenye hiyo lifti, fungua kila kabati, simama dirishani, kisha useme unachotaka wewe, kwa sauti, mwenye funguo akiwa anasikia. Ukitaka kubaki na bustani yako, sema. Ukipapenda, sema pia, hakuna atakayekucheka isipokuwa mbwa.

Na kama mimi nimekosea, mlango ukafunguliwa na yule mwanamke hana nyumba ya kuonyesha, usigombane na mtu. Shuka, washa gari, rudi nyumbani. Delbert atajionea mwenyewe dauntauni ya Jumapili inavyokuwa kwa mtu asiye na gari.

Bi Corliss