Usitume Fundi wa Ukuta

Baba watoto,

Huku tunaendelea. Tope limekwisha vyumbani, limebaki chini ya kabati tu. Majirani wanakuja kwa zamu na majembe yao, na godoro letu linakauka uani kwa seremala. Ndiyo, seremala yuleyule uliyenikataza kumsalimia.

Jana ulipopiga simu hukuuliza watoto wanalala wapi. Uliuliza nani kaubomoa ukuta wako.

Basi nisikilize. Ukuta ulioujenga ili usimwone jirani huyo ndio ulioyafungia maji ya mafuriko ndani kwetu. Mama yako alikuwa amesimama juu ya meza na maji yamemfika magotini, mimi nimewabeba watoto wote wawili. Tulipiga kelele. Seremala akaja na nyundo, akaupiga ukuta mpaka maji yakapata njia. Na njia yenyewe alikuwa anaijua, maana kwake ni bondeni. Yalipita katikati ya karakana yake, yakaondoka na mbao zote. Halafu wewe unataka aje kukuomba radhi. Huna haya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kuishi na ukuta wako.

Kwa hiyo usitume fundi. Kwenye lile pengo tunapitishiana makaa, ndoo na watoto. Mama yako amehamishia kiti chake papo hapo, anachambua mchele na mke wa seremala. Ukija kujenga, mwambie mwenyewe akupishe.

Mkeo