Kapita Amezeeka, Hajafa

Jumapili. Mvua nyepesi toka alfajiri, na roho yangu nzito.

Nimempoteza Kapita Alhamisi mchana, nikiwa sokoni. Hakufa. Alitiwa ndani ya gunia, akapakiwa kwenye pikipiki, akapelekwa upande wa Minago. Aliyempeleka ni mdogo wangu Désiré, ninayekaa naye.

Kapita ni paka wa hapa hapa, manyoya mafupi, rangi ya majivu. Nilimpata nikiwa na beseni moja la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sina hata meza. Nilipoanika alizunguka pembeni kutwa nzima. Ndege hakutua, panya hakusogea. Wenzangu wa ufukweni ndio waliompa cheo hicho cha kapita, wakasema huyu ndiye msimamizi wetu. Leo nina stoo mbili. Hakuna ndugu aliyenichangia. Paka alinichangia.

Hata alipofika miaka kumi alikuwa bado anarukia vipande vya nyavu kama mutoto.

Madamu, paka wetu wa pili, ni mwingine. Ana manyoya marefu, Désiré alimtoa Bujumbura. Tangu mdogo anakula, anageuka, analala. Sasa ana miaka mitano na nguvu zake ni zile zile, kidogo. Huyo atazeeka bila mtu kujua, maana hana cha kupungua.

Kapita alikuwa nazo nyingi. Ndiyo maana mwaka huu, wa kumi na mbili, zilipopungua kila mtu aliona.

Wiki iliyopita Désiré alimkuta amelala juu ya magunia, akaniambia mimi mkubwa wake: "Yaya, kapita gani analala ku kazi? Uyu iko muzee, amekwisha."

Nikamuuliza, na Madamu je?

"Madamu hakuandikwa kazi."

Tukacheka wote wawili. Sikujua mwenzangu ameshachagua gunia.

Jirani anasema kabla ya kuondoka Désiré alilizungusha gunia mara tatu uani, kama wazee wanavyofanya, ili paka asijue njia ya kurudi. Kazi bure. Kapita wa zamani angerudi hata ungemzungusha mpaka jioni. Huyu wa leo njia anaijua, miguu ndiyo haimfikishi. Na mvua hii.

Désiré, mezani unakula na kuinuka, lakini najua hapa kwenye ukurasa wangu unasoma. Usiniambie yuko salama. Ufunguo wa pikipiki ninao mimi. Kesho, kabla ya saa mbili asubuhi, nijibu neno moja: umemwacha kwa nani?