Sinia la Mwisho Kabla ya Kengele

Tarehe 14, mwezi wa tano.
Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Usinijibu kwamba linaendelea vizuri, kama kawaida yako. Mkweo anayekusomea aniandikie ukweli. Naye, mke wangu, nampa salamu zake hapa hapa, na asizipite kimyakimya kwa aibu, azisome kwa sauti. Mwanangu mnibusie. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika na nyusi za upande mmoja zimeungua. Usishtuke, zimeanza kuota.

Mama, nilikuambia kwamba walinitoa kwenye toroli wakaniweka tanuruni kwa majaribio. Kazi yetu ni kukomaza gia za mashine. Tunazipasha moto mpaka ziwe nyekundu, tunazizamisha kwenye mafuta ziwe ngumu, halafu tunazioka kwenye tanuru dogo kwa moto wa wastani. Nikifaulu nabaki, nikishindwa narudi kusukuma toroli. Na toroli, mama, nimelichoka mpaka kwenye mifupa.

Basi gia zangu zikawa zinapasuka. Za wenzangu nzima, zangu zina nyufa kwenye mizizi ya meno, tena bila kuguswa na mtu. Wakanibandika jina la Bwana Nyufa. Mmoja akasema mkono wangu una nuksi, mwingine akaniuliza kama nyumbani hata sufuria zilikuwa zinanikimbia. Nilicheka nao kwa nje tu. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Kengele, kwa kuwa kengele ya chakula ikilia kwake hata moto unaambiwa usubiri. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba kabla yangu walipita wageni watatu, wote wakapasua gia, wote wakaondoka, na kwamba toroli langu bado lipo pale nilipoliacha.

Akaja mhandisi, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa. Alikagua mafuta, akakagua moto, akakagua chuma chenyewe, asione kosa. Ndipo akatukusanya, akamwaga gololi kwenye karai na kulitikisa. Gololi zikajipanga zenyewe, safu kwa safu. Akasema ndivyo zilivyo atomi za chuma, chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Katika chuma, chembe haimshiki jirani mmoja tu; imeshikwa na umati wote. Ndiyo maana safu moja inaweza kuteleza juu ya nyingine na bado zisiachane, chuma kikapinda bila kuvunjika. Kioo hakina uungwana huo.

Chuma kikiwa chekundu, akasema, safu zinajipanga kwa namna nyingine na kuacha upenyo, na vipunje vya kaboni vilivyochanganyika na chuma, kaboni ile ile ya makaa, vinaingia. Ukikizamisha ghafla, safu zinataka kurudi zilivyokuwa, lakini kaboni imenaswa, haina pa kutokea. Inazizuia safu zisiteleze, na huo ndio ugumu wenyewe. Ila humo ndani zinasukumana, kama abiria waliofungiwa chumba kimoja na mizigo yao. Tanuru dogo ndilo linalowapa nafasi ya kupumua.

Mimi, mama, shule niliiacha njiani unavyojua, lakini hilo la abiria liliniingia. Nikamwuliza gia inaweza kusubiri muda gani kabla ya kuokwa. Akajibu kwamba haitakiwi kusubiri. Ikitoka kwenye mafuta ikapoa kiasi cha kushikika, iende moja kwa moja. Akauliza kwani nani anaisubirisha. Karakana nzima ikamtazama Bwana Kengele.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu gia hupangwa kwenye masinia ya chuma; mgeni hupewa sinia la mwisho la asubuhi, wazoefu wakachukua ya mwanzo. Sinia la mwisho linatoka kwenye mafuta, kengele inalia, watu wote wanakwenda kula, na gia zinabaki peke yao kwenye rafu, safu zikisukumana humo ndani, mpaka turudi tumeshiba. Nuksi haikuwa ya mkono wangu. Ilikuwa ya zamu.

Bwana Kengele akacheka, akasema tangu lini chuma kikaona njaa. Nikamwomba tugawe sinia langu: nusu niioke papo hapo, nusu ibaki kwenye rafu. Akakubali, ila akaniambia nikianguka leo nisimsubiri anifukuze, nilifuate toroli mwenyewe. Kengele ikalia. Nikabaki na tanuru langu dogo, njaa inaniuma, jasho linaingia machoni. Wenzangu walikuwa bado wanatafuna tuliposikia kwenye rafu: tik! Kisha tena: tik! Bwana Kengele alikuja mbio na kijiko mkononi.

Zilipopoa zote tukazipaka mafuta ya taa, tukazifuta, tukazipuliza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yanatoka humo na kujichora kwenye ule weupe. Za rafuni, mistari. Zangu nilizozioka, nyeupe pee, jino kwa jino. Nilipiga kelele, mama, mtu mzima mimi! Yule wa sufuria alininyanyua juu. Bwana Kengele alizigeuza gia moja moja, akasema anawawaza wale wageni watatu. Halafu akatangaza kwamba hakuna tena kuzamisha gia kengele ikikaribia, na kwamba majaribio yangu yameisha, mimi ni wa tanuru.

Sasa mkweo asome polepole. Kuna jambo nilikuficheni, kwa sababu sikutaka mngoje kitu kisichokuja. Fundi wa tanuru halali bwenini. Anapewa vyumba viwili nyuma ya karakana, vyenye jiko, bomba la maji, na mlango unaofungwa kwa ndani. Nilikuwa napita pale kila jioni nachungulia dirishani kama mwizi. Jana nimekabidhiwa ufunguo. Nimeshafagia, nimeshapima ukuta ambapo kitanda chako kitakaa, mbali na ngazi kwa ajili ya goti.

Najua utasema wewe huhami. Basi tutabishana ana kwa ana. Nisalimie majirani wote, na mwanangu aambiwe baba yake ana mlango. Mwisho wa mwezi wa nane nakuja, siji kukaa, nakuja kuwachukua.

Mimi mwanao,
fundi wa tanuru