Taa Iliyowaka Mu Jikoni ya Mama Masika

Muzee Paluku,

Ni mimi Kakule, mwanafunzi yako, ule ulikuwa unaita Bwana Najua. Ulisema siwezi kuandika barua ya ukurasa moja bila kukosea mara kumi. Basi hesabu. Huko ulipo wakati uko nayo mingi, na miwani tulikuzika nayo.

Nina jambo moja ya kukuambia, mais nitazunguka kidogo mbele ya kufika. Unanijua.

Nianze na kazi, maana hiyo njo ungeuliza kwanza, hata mbele ya kuuliza kama bibi yako, Mama Masika, alikula. Coopérative yetu ya courant, ya umeme, inaendelea. Kisha maziko yako comité ilisema tusingoje tena umeme ikatike njo batu batuone. Kila juma twende kubafundisha juu ya hatari yake, ku masomo, ku kanisa, ku muskiti, ku soko. Na nani balimuchagua kushika mégaphone? Mimi. Usicheke. Balitafuta mutu wa sauti na wa sura, na wewe ulikuwa umeshakufa.

Kule Kipese nilisimama mbele ya batoto ya primaire yote. Nikabaambia: waya ikianguka, usiisogelee, nguo hapana kuanika ku waya, mbuzi hapana kufunga ku poteau, ile nguzo ya waya. Mama moja alipita na muzigo ya vitunguu akauliza kama mbuzi yake nayo itafundishwa ao ni yeye peke yake. Kisha nikasema ile neno yako: "Waya haina mazoea. Asubuhi inakusalimia, saa sita haikujue tena." Batoto bakarudilia kwa sauti moja, na hata mwalimu wao, ule mutu wa Kasai asiyecheka, akacheka.

Nilijivuna, ndiyo. Mais kila mara nikisema ile neno, nasikia mutu mwingine anaisema nyuma yangu, pole pole kuliko mimi, kama mwalimu anasahihisha dictée. Nikigeuka ni ukuta.

Sasa ya nyumba yako.

Unajua ukungu ya Vulamba, ile inashuka asubuhi na kukaa mu barabara kama mugeni asiyejua kuaga. Juma ya tatu kisha maziko, tulikata laini ya avenue yenu peke yake, juu ya kubadilisha poteau zilizooza; tulikuwa tungali tunachimba mashimo tu, hakuna aliyepanda. Ni laini ya mwisho, nyumba tatu tu: ya kwako, ya Papa Issa mwenye magari, na ile ya mutu aliyehamia Kampala, imefungwa. Saa ine ya asubuhi courant hakuna. Mama Masika alikuwa anachagua maharagwe. Akainua kichwa. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka.

Haikuwaka kama taa. Iliwaka nyekundu, ikapanda njano, ikashuka, ikapanda. Inatetemeka. Mama akaweka maharagwe chini na akasema, bila kupaza sauti, kwa ile jina alikuita kila siku: "Karibu, Baba Mumbere."

Juma iliyofuata tulikata tena, ikawaka tena. Hapo majirani walikuwa bameshaanza kukuja kuona. Mama akaweka kiti yako chini ya taa. Akawa anakupa habari: mutoto wenu wa Beni amepata kazi ku dépôt, paa inavuja upande wa choo, maharagwe ya mwaka hii ni ya wadudu. Na taa inapanda na kushuka kama mutu anaitikia. Nilikuwa pale, Muzee. Mimi ule hapana kuogopa kitu, nilitoka kwa dirisha. Mulango ilikuwa wazi, mais dirisha ilikuwa karibu.

Ingekuwa hivi tu, ningekuandikia barua ya kucheka. Mais batu bakaanza kufikiri. Kama muzee anarudi, bakasema, hakufa kifo ya kawaida. Anadai. Na nani anadaiwa?

Bakatafuta, bakafika kwa Kambale.

Unakumbuka desturi yako. Mbele ya kupanda poteau, Kambale, mwenzetu wa kazi, anakata laini ku kofre, ile sanduku ya waya ya njia panda, anafunga kufuli, anakuletea ufunguo, na wewe unaivaa mu shingo kama musalaba. Ukiwa juu unapiga kelele: "Kambale, imekufa?" Naye anajibu kutoka njia panda: "Imekufa, ufunguo uko kwako." Ile siku nayo balifanya vile vile. Tulipokushusha, ufunguo ilikuwa ingali mu shingo yako. Na bado courant ilikuwa imekuua. Donc batu bakasema: ao Kambale iko na ufunguo ya pili, ao iko na mukono isiyohitaji ufunguo.

Bulozi, njo kusema uchawi. Neno ikishatoka mu kinywa moja, hairudi tena.

Usiku hapana, muchana kweupe balianza kutupa mawe ku paa yake. Bibi yake akifika ku bomba ya maji, bengine bananyanyua bidon bila kujaza, banaenda. Mutoto yake wa mwisho alirudi kutoka masomo na chaki mu mugongo, baliandika neno sitairudilia hapa. Comité ikaita mukutano ya Siku ya Mungu kisha misa: Kambale atoke ku kazi, na atoke mu quartier. Na wewe unajua, mutu akifukuzwa kwa neno ya bulozi, kule anaenda neno inamutangulia.

Alikuja kuniona. Hakuketi. Alisema: "Kakule, wewe ulikuwa pale. Ulinisikia nikijibu."

Nikamuambia ndiyo, nilisikia. Akangoja niseme ya zaidi. Nikamumiminia chai, hakuipokea. Alipotoka nikabaki nimeshika kikombe mpaka chai ikapoa.

Maana nilikuwa ninajua, Muzee. Sasa nimefika.

Ni taa njo iliniambia. Mara ya tatu nilijikaza, nikabaki mu jikoni. Nikaiangalia vizuri. Inashuka sana, inakaa chini kidogo, inapanda. Inashuka tena. Nikasema: ile pumzi ninaijua. Nikatoka, nikapanda barabara mu ukungu, na mbele ya kufika ku kiwanja ya Papa Issa nikasikia groupe yake, ile mashini ya mafuta ya kufanya courant. Batoto yake balikuwa banajaza upepo mu pneu ya gari. Kila mara compresseur, mashini ya upepo, inaanza, groupe inakabwa koo. Inakabwa, inapumua. Inakabwa, inapumua. Nikarudi mbio ku jikoni yako: taa inashuka, inapanda.

Hapo njo nilitamani sana iwe muzimu. Nilitamani uwe wewe, umekasirika, unanifukuza mpaka Kamango na kunivusha mupaka kwa makofi. Haikuwa wewe. Ilikuwa waya yangu.

Miezi miwili mbele ya kufa kwako, Papa Issa aliniomba nifungie nyumba yake groupe. Hakuita wewe, aliita mimi, na kichwa yangu ikavimba. Ulikuwa umenifundisha: lazima kuweka inverseur, ile kifaa ya kuchagua, ao laini ao groupe, hapana yote mbili. Nilikuwa bila inverseur. Nikatengeneza waya ya fiche mbili, plagi mbili, moja huku, moja kule. Unachomeka upande moja ku groupe, upande ingine ku prise ya ukuta, nyumba yote inawaka. Papa Issa alinipigia mikono. Batoto yake baliniita ingénieur.

Mais ile waya iko na siri yake: kwanza unashusha disjoncteur, ile swichi kubwa ya nyumba. Usipoishusha, courant ya groupe haibaki mu nyumba. Inatoka, inapanda ku poteau, inaingia mu laini ya batu bote. Ile siri sikubaambia. Sikusahau, Muzee. Nilificha. Courant ikikatika mu quartier yote na bakiwasha bila mimi, groupe inabeba muji muzima, inazimika. Basi banasema: muite Kakule. Ninafika, ninashusha disjoncteur na mugongo yangu ikifunika, ninagusa gusa, groupe inawaka. Nilipenda sana vile banasema muite Kakule.

Mais laini yenu ikikatwa peke yake ku njia panda, ni nyumba tatu tu. Muzigo ni muchache. Groupe inabeba, haizimiki.

Ile siku ya kifo yako ukungu ilikuwa nzito, viatu yako ya miba ilikuwa inauma poteau na mimi siioni miba, ninasikia tu. Ulipima na taa ya kupima: giza. Kambale akajibu. Ile câble ya kufunga laini ku udongo, ya kumeza courant ikirudi, ilikuwa na équipe ya Beni; ulisema ni dakika kumi tu. Ni mara moja tu nilikuona unaruka sheria yako. Mimi nilikuwa chini nimeshika kamba. Na nikasikia, mbali, groupe ya Papa Issa inawaka. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: ah, leo bameweza bila mimi. Nikaona wivu.

Kisha kamba ikawa nzito.

Ile siku sikuunganisha ile groupe na kifo yako. Ninaapa. Nililia kama bengine, nikasema kama bengine: ufunguo ilikuwa mu shingo. Mais toka ile siku ya taa nilijua, na nikanyamaza siku tisa. Niliendelea kwenda na mégaphone. Nilisimama ku soko nikifundisha batu juu ya hatari ya umeme, na hatari njo ilikuwa imeshika mégaphone.

Siku ya Mungu nilienda ku mukutano na ile waya mu shati. Asubuhi nilipita kwa Papa Issa kuiomba, nikamuambia nataka kuitengeneza vizuri, akanipa na mandazi juu. Kiwanja ya kanisa ilijaa. Kambale alikuwa amesimama peke yake, batu bamemuachia fasi pande zote, kama mutu aliyelowana. Bibi yake alikuwa ameshafunga mizigo. Nilimuona na turubai mu kichwa.

Président wa comité alisema mimi nifungue kwa neno ya sécurité, kama kawaida. Nikachukua mégaphone. Nikatoa waya. Nikasema hii ni waya ya fiche mbili, njo iliua Muzee Paluku, na ni mimi niliifanya, na Kambale alikata laini vizuri. Nikaeleza yote, disjoncteur, siri, muite Kakule, yote. Sauti yangu ilikuwa inarudi kutoka ukuta ya kanisa, na mara hii hakuna mutu alisema nyuma yangu.

Nilifikiri batanipiga. Ilikuwa mubaya zaidi: baliniachia fasi pande zote. Papa Issa alikaa chini mu vumbi na kanzu yake nyeupe, mikono ku kichwa, akarudilia: "Nilitumia kile fundi alinipa. Nilitumia kile fundi alinipa." Kambale hakuniangalia. Alimushika bibi yake mukono, akamutolea turubai ku kichwa, bakaenda kwao.

Na Mama Masika akasimama. Polepole, unajua goti yake. Aliuliza neno moja tu.

"Basi ile taa, haikuwa yeye?"

Nikasema: "Hapana, Mama. Ilikuwa mimi."

Aliketi tena. Nimeona mutu akishuka ku poteau amekufa, na ile haikuwa nzito kama vile aliketi.

Sasa mambo iko hivi. Papa Issa iko na inverseur, Kambale mwenyewe alienda kuifunga, na alikula kwao. Comité ilinitoa ku poteaux, na hii njo azabu: nitembee nyumba kwa nyumba, fasi yote kunalia groupe, na waya yangu mu mukono, nieleze. Batoto bananiita Fiche-Mbili. Kambale tukipitana ananisalimia kama mutu anasalimia ukuta: na kichwa, bila macho. Sijue kama itabadilika. Sikumuomba.

Juma iliyopita balikata tena laini yenu. Mama Masika aliniita. Nilifikiri anataka kunitukana mwishowe, nikaenda nimejitayarisha. Alinionyesha kigoda, yeye akakaa ku kingine, na tukaangalia taa. Toka saa tatu mpaka saa sita. Ukungu iliingia mu mulango, ikakaa, ikatoka. Kuku alipita. Groupe ya Papa Issa ililia kule juu, na taa ikabaki nyeusi. Nilikuwa ninaomba iwake, Muzee, hata kidogo, hata kama iniue kwa woga.

Saa sita alisimama, akapangusa kanga yake, akasema: "Sasa njo amekufa." Akawasha makaa ili tupike.

Nilimumenyea viazi. Alisema ninamenya nene.

Kesho ninaenda Kamango, kule groupe ni mingi na mafundi kama mimi nayo ni mingi. Ninakuahidi hivi: kila mulango nitakaobisha, nitaanza na jina yangu na kile nilifanya, kisha njo nitafundisha. Hata bakicheka. Hata nikizeeka na bale banaocheka bafe bote.

Lala, Muzee wangu. Asante ya vyote, hata ya makofi. Na kama uko na neno ya kunijibu, nijie mu ndoto kama wafu bengine. Usipite mu waya.

Kakule